Huku Kwangu Inatembea

Nikimkumbuka Fundi, kitu cha kwanza kinachonijia ni ulimi wake. Alikuwa akipima pile, zile betri ndogo za redio, kwa ulimi. Alishika nyaya mbili, moja kila upande wa pile, akazigusisha kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi, kisha akatoa hukumu: hii nzima, hii imekufa, hii itakufa kabla ya Jumapili. Kipimo cha mshale alikuwa nacho, kizuri, ndani ya mfuko wake wa ngozi, lakini alikitoa tu akiwa na mteja asiyemwamini. Kwangu alikitoa kila mara.

Mji mzima wa Kindu ukisema Fundi, bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yule wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Upande wetu wa stesheni mafundi walikuwepo, wenye vibao na meza za vioo, lakini hao walijua redio na mashine za kushona tu. Nilipowapelekea mashine yangu waliifungua, wakachungulia, wakaifunga, wakaniambia nivuke.

Mashine yenyewe niieleze mapema, maana ndiyo iliyonifunga na mtu huyu miaka yote ile. Ilikuwa mashine ya michezo, nzee hata siku ilipotufikia. Shemeji yangu aliyekuwa Ulaya alikuwa ameichoka, akamletea kaka yake, mume wangu. Unaiunganisha na televisheni, kioo kinakuwa cheusi, na unaona fimbo nyeupe huku, fimbo nyeupe kule, na nukta moja inayokwenda na kurudi katikati. Nukta ndiyo mpira. Kila mchezaji ana kifungo cha kuzungusha kinachopandisha na kushusha fimbo yake. Basi, hakuna kingine. Mtu mzima angeweza kuona aibu kuicheza.

Mume wangu hakuona aibu. Alikuwa mashinisti wa treni, mtu wa sauti kubwa, mpaka kiharusi kilipompiga akabaki na mdomo ulioegemea upande na mkono wa kulia usiomtii. Muuguzi alituambia wazi kwamba mkono ule usipofanya kazi kila siku utakauka. Nilimpa mchele auchambue, nilimpa mpira wa matambara aufinye, nilimbembeleza, niligombana naye. Aliuweka mkono mapajani akautazama kama mali ya mtu mwingine. Mashine ilipofika, aliomba kifungo mwenyewe, akakishika kwa mkono ule mbaya, na jioni ileile vidole vikazunguka. Haukupita muda mrefu akawa anashika kijiko. Halafu mashine ikafa, na mkono ukarudi mapajani. Kwa hiyo asitokee mtu wa kuniambia kwamba nilihangaika kwa ajili ya mchezo.

Mara ya kwanza Fundi aliitengeneza kweli, hilo silikatai. Waya wa transfo, kile kisanduku kinachopunguza nguvu ya umeme kabla haujaingia kwenye mashine, ulikuwa umekatikia ndani, karibu na ncha yake, mahali ambapo nje huoni kitu. Aliutembeza kati ya vidole polepole, akafika mahali akasimama, akasema ni hapa. Akakata, akamenya, akalehemu kwa chuma alichokipasha moto kwenye makaa. Nilirudi nyumbani nikiimba ndani ya pirogi, ule mtumbwi wa kuvukia. Mume wangu akacheza tena, na nyumba ikawa na kelele kama zamani.

Kisha jioni moja picha ikaanza kujipinda. Fimbo zikayumba, televisheni ikanguruma, mashine ikazima. Ikawaka, ikazima tena. Nikavuka mto, na hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza lile neno lake ambalo hadi leo nikilikumbuka damu inachemka.

"Mama, huku kwangu inatembea."

Kwetu mashine ikifanya kazi tunasema inatembea. Na kwake ilitembea kweli, hilo ndilo lililoniudhi. Alunguli hapakuwa na umeme hata wa dawa. Fundi alitumia betri ya lori, aliyokwenda kuichajisha kwenye mashine ya kukoboa mpunga kila ilipoishiwa. Alikuwa na televisheni ndogo ya kupimia, isiyo na antena. Akaunganisha mashine yangu na ile betri, na nukta ikaenda na kurudi bila kutikisika, tik, tik, huku yeye akinitazama kwa upole ambao ningeweza kumpiga nao. Nikaifunga mashine kwenye kitenge, nikavuka, nikaiwasha kwetu, ikajipinda ikazima.

Ilichukua safari kadhaa mimi mwenyewe kuelewa. Upande wetu umeme ulitoka kwenye injini mbili za mafuta, na moja ilikuwa imeharibika. Tangu hapo tulipewa umeme jioni tu, na mji mzima ulining'inia kwenye ile injini moja iliyobaki. Watu wakishawasha wote, taa yetu ilianza kuwa ya njano, kisha nyekundu kama kaa la moto, ungeweza kuitazama bila kufumba macho. Na taa ikifika wekundu ule, mashine ilizima. Niliona kwa macho yangu, jioni baada ya jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si fundi, lakini macho ninayo. Nikamwendea Fundi nikiwa na furaha ya mtu aliyeleta jibu.

Nilimwambia, "Fundi, ni courant ya kwetu. Jioni ampoule inakuwa nyekundu, na mashine inazima."

Aliinamia meza. "Ampoule ni ampoule, mama. Mashine ni mashine." Kisha akaniuliza kama karanga za Kailo zimeanza kuingia sokoni.

Akaifungua mashine na kubadilisha kitu ambacho hakikuwa kibovu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwangu kwa muda mrefu, kubadilisha vitu vizima. Mara kimtungi kidogo kinachotuliza umeme, mara kile kipande chenye miguu mitatu kinachoushikilia usizidi, mara kidude cha kuwashia, ambacho alikisugua kwa manukato ya dukani kwa sababu spiriti haikupatikana, na mashine ikanukia kama bibi harusi. Kila mara nilimwambia habari ya taa, na kila mara alisikia karanga.

Alikuwa na desturi moja ambayo wateja wake waliisifu. Kila kipande alichokitoa kwenye kitu chako alikifunga kwenye karatasi ya pakiti ya sigara na kukurudishia, ili usije ukasema amekula mali yako. Nilivitunza ndani ya kopo la maziwa. Mwanzoni niliona ni uaminifu. Kopo lilipokaribia kujaa nikatambua kwamba mtu huyu ananirudishia mashine yangu kidogokidogo.

Jambo jingine, kwake hukuweza kuzungumza kazi kabla ya kula. Ungefika na haraka zako, mkeo au mumeo anakungoja, jua linakwenda, yeye angeita ndani na wali ungeletwa, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa mto ndani ya mawese. Mpaka sahani iondoke hakugusa bisibisi. Mimi ni Mkristo wa Kasai, yeye Mwislamu wa huku Maniema, na sala yake ikifika angeacha hata waya ulio nusu kulehemiwa, chuma kikibaki kwenye makaa. Nilikula wali wake nikiwa nimenuna. Ulikuwa mtamu, nikazidi kununa.

Sikuweza kumpanga mtu huyu mahali pamoja akakaa. Alitengeneza redio za watu wote mpaka za Tunda na Punia, lakini katika ua wake hukusikia redio. Akimaliza kutengeneza moja alitafuta stesheni, hotuba ya Kinshasa ikaingia safi, naye akaizima papo hapo katikati ya neno. Ungedhani anaichukia serikali. Lakini abakosti yake, ile suti ya serikali isiyo na tai, ilikuwa imepigwa pasi kila siku, na kifuani alivaa pini ya chama yenye picha ya Muongozi, ndivyo tulivyomwita rais, inang'aa, anaifuta kwa kitambaa kilekile cha kufutia betri. Siku ya salongo, ile kazi ya umma ya Jumamosi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na fagio. Nilimweka kwenye kundi la watu wa kujipendekeza, nikajiona nimempata.

Lililonishinda kabisa ni kwamba hakuvuka mto. Nilimwomba aje kwangu jioni moja, moja tu, akae chini ya ile taa aone. Akasema mugonjwa njo anakwenda kwa munganga, yaani mgonjwa ndiye anayemfuata mganga. Nikamwambia huyu mgonjwa anaumwa nyumbani tu, akifika kwako anapona. Akacheka. Nikaahidi pirogi ya kwenda na kurudi, chakula, na mahali pa kusalia. Akakataa kwa adabu zote, akiniita mama kila baada ya maneno mawili. Siku hiyo hasira zilinishinda. Mbele ya wateja wake nilimwambia kwamba yeye ni fundi wa nusu ya mji, na kwamba mume wangu anakauka mkono kwa sababu ya mtu anayeogopa kulowesha viatu. Yeye akaendelea kumenya waya, na sikio lake moja tu ndilo lililotikisika.

Mkewe ndiye aliyenisindikiza mpaka ufukweni. Alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache, na siku hiyo aliyatoa yote. Mumewe alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika ile nyumba ya umeme ya upande wetu. Alikuwa amewaambia wakubwa kwamba injini zimechoka, zipumzishwe. Wakubwa wakasema mgeni anakuja kutoka Kinshasa, injini zitatembea. Mgeni alipokuwa katikati ya hotuba taa zikazima, na kipaza sauti kikafa, na umati ukacheka gizani. Ilibidi apatikane mwenye kosa, na yeye ndiye aliyekutwa na spana mkononi. Walimchukua. Alipoachiwa akarudi nyumbani hakusema walimfanya nini, ila alikusanya vyombo vyake na familia akavuka, na tangu hapo hakuukanyaga tena upande ule. Pini aliivaa ili asiwepo tena mtu wa kumuuliza kitu.

"Dada, usimulaumu sana," akaniambia. "Akisikia courant ya kule, masikio yake inajifunga. Si kiburi. Hasikii kweli."

Nilisimama kwenye tope na mashine kichwani. Ningependa kusema kwamba niliona huruma, na huruma ilikuwepo, lakini hasira haikuondoka. Ilikosa tu mtu wa kumwangukia. Nilimkasirikia mgeni wa Kinshasa, nikaikasirikia injini, nikamkasirikia shemeji yangu wa Ulaya. Nilivuka nikiwa nimeuma meno.

Katikati ya maji ndipo nilipofikiri sawasawa. Mashine haitatembea kwangu. Fundi hatakuja kwangu. Basi kinachobaki kuvuka ni mkono.

Kulisema hilo ni rahisi. Mume wangu hakuwa ametoka uani tangu augue. Aliona haya ya mdomo wake, na haya ya kushikwa kiunoni na mkewe mbele ya watu waliomjua akiwa juu ya treni. Tuligombana mpaka majirani wakaja. Mwishowe nilimwambia kwamba mashine inakwenda Alunguli kukaa kwa Fundi moja kwa moja, akiitaka aifuate. Siku ya soko akavaa kofia yake ya kazi, akakaa chini kabisa katika pirogi, mashine mapajani, uso ameuinamisha. Mpiga kafi alimwita chef machiniste, kama zamani, akamuuliza kama maji yanamtisha kuliko reli. Mume wangu akainua uso.

Fundi hakumpa pole. Aliita wali. Tulipomaliza kula aliunganisha betri, akampa mume wangu kifungo kimoja, akakaa mbele yake akashika cha pili, na akamfunga bao. Akamfunga tena. Kila mpira alioupiga ulikwenda pembeni kabisa, mahali ambapo mkono wa kiharusi usingefika kwa wakati. Nilivumilia, nikashindwa.

"Fundi, umuachie kidogo."

Hakuondoa macho kwenye kioo. "Mama, nikimuachia, mukono yake itafanya kazi gani?"

Na mume wangu, ambaye siku hizo alitoa neno kwa shida, akasema: "Tena."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kila siku ya soko alivuka, kwanza na mimi, baadaye peke yake na fimbo. Alifungwa mwaka mzima kabla hajashinda mara moja, na jioni aliyoshinda alirudi akafunga vifungo vya shati lake mwenyewe, vyote, huku ananitazama ili nione. Walipocheza hawakuzungumza. Sikuwahi kujua kama walipendana. Fundi alimlalamikia kwa kuchelewa, yeye akamlalamikia Fundi kwa kuiba, na siku betri ilipoishiwa walikaa wawili mbele ya kioo cheusi wakilaumiana. Habari ya taa yangu nyekundu sikuitaja tena.

Miaka ikapita namna hiyo, mpaka kiharusi cha pili. Hiki hakikuwa na mzaha. Mume wangu hakuweza kukaa bila mito, na pirogi ikawa jambo la kusahau. Mashine ilibaki Alunguli. Siku ya soko ikafika, naye akageuza uso kuutazama mlango tangu asubuhi. Siku ya soko ya pili vilevile. Ya tatu akaacha, na huko kuacha kwake ndiko kulikoniliza.

Jioni moja, umeme ndiyo kwanza umerudi, nikasikia baiskeli inaegemezwa ukutani. Nikafungua. Alikuwa Fundi. Juu ya keria betri ya lori imefungwa kwa kanda za mpira, na juu yake gunia lenye televisheni ndogo na mashine yetu. Viatu vyake vilikuwa na tope la ufukwe wa upande wetu. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomzoea kule kwake, au labda ni taa. Siku zile watu wengi walikuwa wameanza kuacha pini zao nyumbani, hata watu wa chama. Yake alikuwa ameivaa, na imefutwa.

Akasema tu kwamba mashinisti amechelewa. Alifungua zile kanda akigeuka kila mara kutazama barabara, nikadhani anaihofia baiskeli. Kisha akaniomba nifunge mlango, na dirisha la barabarani pia, na nikaelewa. Nikafunga. Nilipomtajia chakula alikataa, na hilo sikuwahi kuliona.

Aliweka vitu vyake juu ya kiti karibu na kitanda. Hakuuliza soketi iko wapi. Akaunganisha betri, na kioo kikawa cheusi, na fimbo mbili zikatokea. Mume wangu aliona. Nikauweka mkono wake juu ya kifungo, nikauweka wangu juu ya wake. Fundi akakaa, akashika kifungo chake, nukta ikaanza kwenda, tik, tik. Alipiga pembeni, kama desturi. Tulifungwa. Tukafungwa tena.

Nje giza liliingia na mtaa mzima ukawasha. Taa juu yetu ikawa ya njano, ikaendelea kushuka, ikafika wekundu wake. Mashine kwenye betri haikujipinda hata kidogo. Fundi alipoona kivuli cha mkono wake kimefifia akainua kichwa, akaitazama ile taa. Mpira ukampita, naye hakuugusa.

"Mama, njo hii?"

"Njo hii, Fundi."

"Uliniambia," akasema. "Miaka yote uliniambia."

Maneno ya kumjibu siku hii nilikuwa nayo. Niliyatunga ndani ya pirogi, kwenda na kurudi, mashine kichwani, na nilikuwa nimeyanoa vizuri. Chini ya kiganja changu nilisikia kidole cha mume wangu kikisukuma, kidogo sana, na kwenye kioo fimbo yetu ikapanda, ikaupata mpira.

"Tazama kioo, Fundi," nikamwambia. "Mpira unakuja kwako."